Chembe Zilizotoroka Kisu

Mwaka ule wa mafuriko makubwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nikifanya kazi katika maabara ya hospitali ndogo kando ya Mto Tana, chini ya Garsen. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo cha duara chini yake, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukigeuzageuza kioo hicho mpaka kinase mwanga wa nje na kuupandisha hadi jichoni. Siku ya mawingu niliona kama ninayetazama ndani ya maziwa. Siku ya jua niliona vizuri. Miezi ile maji yalipotanda mpaka chini ya dirisha, nilikuwa naona kwa mwanga wa mto. Ulikuwa mwanga usiotulia. Ulicheza darini, ukacheza ukutani, ukaingia kwenye hadubini na kuzitikisa chembe za damu zilizokwisha kukauka, hata ungedhani bado zinatembea mwilini mwa mwenyewe.

Nilichosomea ni malaria, kichocho, minyoo na makohozi. Watu wetu waliugua hayo, na mimi niliyajua kama mtu anavyojua nyuso za majirani. Mambo ya saratani nilifundishwa na daktari wetu.

Alikuwa mtu wa bara, mwenye mvi, mwenye sauti ndogo mno hata wazee walimlalamikia kwamba anawanong'oneza. Kabla ya kuletwa kwetu aliwahi kufanya kazi miaka mingi na wapasuaji wa matumbo katika hospitali kubwa, na kuna jambo moja alilotoka nalo huko ambalo halikumwacha. Alasiri moja alinikuta nimemaliza vioo vyangu vya malaria, vile vipande vyembamba vya kupakia damu, akavuta stuli akaketi.

"Binti," akaniambia, "mpasuaji anaukata uvimbe wa tumbo, anaushika mzima mkononi, anasema nimemaliza. Anashona. Mgonjwa anapona, anarudi kwao, anakula, anacheka. Baada ya mwaka anarudi tena. Unajua kwa nini?"

"Haukukatwa wote."

"Ulikatwa wote ulioonekana. Lakini kuna chembe zilizotoroka kabla kisu hakijafika. Moja moja, mbili mbili. Nyingine zimeingia kwenye damu, nyingine zinaelea kwenye maji ya tumboni, nyingine zimejificha ndani ya mifupa. Mkono wa mpasuaji hauzigusi. Za namna hiyo zinatafutwa kwa jicho."

Akanieleza kwamba ng'ambo walikuwa wakivuta uboho kutoka mfupani mwa wagonjwa wa saratani ya tumbo na utumbo, wakautia rangi maalum inayoshika chembe za utumbo peke yake. "Chembe ya utumbo haina kazi ndani ya mfupa," alisema. "Ukiikuta huko, ujue imetoka kwenye uvimbe." Kisha akaitazama rafu yetu yenye chupa nne. "Sisi rangi hizo hatuna. Tuna rangi ya malaria, tuna mashine ya kuzungusha kwa mkono, na tuna macho yako."

Siku iliyofuata alikuja na sanduku la mbao lenye vioo vya zamani alivyokuwa akivihifadhi tangu ujana wake. Vilikuwa na maji ya matumbo ya watu niliowajua kwa nambari tu. Kila nilipopata nafasi nilikaa nikavitazama. Mwanzoni nilikuwa naona vumbi. Baadaye nikaanza kuzitambua chembe za kawaida, zile za ngozi nyembamba inayozunguka tumbo kwa ndani, zimelala bapa, zimepangika kama vipande vya muhogo vilivyoanikwa. Halafu, wiki ya tatu au ya nne, nikaanza kuziona zile nyingine. Zilikuwa kubwa. Kiini chake kilikuwa kimejaa mpaka ukutani, cheusi, chenye kingo zisizo sawa, na mara nyingi zilikuwa zimekumbatiana. Nikishazijua sikuweza tena kutoziona. Nilikuwa nikiziona kwenye wali uliobaki sahanini, nikiziona darini nikijilaza baada ya chakula cha mchana, zinaelea polepole pamoja na mwanga wa maji.

Sasa nimlete yule mama wa maziwa.

Alikuwa Morma, mfugaji, wa upande wa Minjila. Tangu kabla sijazaliwa alikuwa akileta maziwa nyumbani kwetu Idsowe, na mama yangu alikuwa akimpa mahindi na ndizi kutoka shambani. Hivyo ndivyo watu wetu wakulima na watu wao wafugaji walivyokuwa wakiishi, mwaka wa amani na hata mwaka wa kununiana. Akifika, kabla hajatua kibuyu, aliniwekea mkono kichwani akasema maneno ya Kiorma ambayo sikuyaelewa na sikuwahi kuuliza maana yake. Kiswahili chake alikiokota vijijini, kifupi, hakina mapambo. "Mimi naleta maziwa. Wewe unakunywa. Wewe unakuwa mrefu." Na kweli nilikuwa mrefu kuliko dada zangu wote, na yeye aliuhesabu urefu huo kuwa wake.

Mwaka mmoja kabla ya mafuriko alianza kutapika kila alichokula. Wanawe walimpeleka Mombasa. Huko alipasuliwa, ikaondolewa sehemu ya mfuko wa chakula pamoja na uvimbe uliokuwamo. Miezi michache baadaye alikuja Idsowe na kibuyu chake, amekonda lakini amenyooka, akamwita mama yangu nyuma ya nyumba akamwonyesha kovu. Mimi nilikuwa likizo siku hiyo, nikaliona nami. Lilikuwa refu, safi, limeshonwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake.

"Wametoa," alisema. "Imekwisha."

Mama yangu akapiga kigelegele kidogo, cha watu watatu.

Kisha ikaja ile mvua isiyotaka kukatika. Mto uliacha njia yake, ukaingia mashambani, ukaingia majumbani, ukafunga barabara ya Garsen upande huu na upande ule. Migomba ilisimama majini mpaka shingoni. Wakulima walihamia kwenye miinuko na wafugaji wakapeleka ng'ombe mbali, nchi ya juu, palipokuwa bado pakavu. Wagonjwa walitufikia kwa mitumbwi. Pale hospitalini tulikuwa kama tuko kisiwani. Hakuna gari lililosikika, hakuna redio yenye betri, na maji yalikuwa tulivu hata sauti ya mtu aliye mbali ilikufikia kana kwamba yuko nyuma yako. Mara nyingi nilisita katikati ya kazi nisijue kama ni asubuhi au alasiri.

Siku moja nikiwa dirishani nikauona mtumbwi unakuja kati ya miti. Mbele ameketi mwanamke aliyejifunika shuka, nyuma yake binti yake mkubwa, mwanamke mwenye umri kama wa dada yangu wa kwanza, anayekijua Kiswahili vizuri kwa sababu ya biashara ya sokoni. Nilimtambua yule wa mbele kwa namna alivyoinua kichwa: alikuwa mama wa maziwa. Nilitoka mbio. Alipoinuka nikaona tumbo limejaa, limesimama, kama la mimba ya miezi saba, na mikono miwili iliyobaki mifupa mitupu.

"Mtoto wa Idsowe," akaniambia. "Kumbe wewe ndiye daktari."

"Mimi ni wa maabara tu, mama."

"Umevaa nyeupe. Wewe daktari."

Daktari wetu alimpima, akamgonga tumbo kwa vidole akisikiliza, akalisoma kovu. Alipomaliza alivuta maji kwa sindano, akajaza chupa, akanikabidhi. Yalikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili, na chupa ilikuwa bado ina joto la mwili wake. Daktari alinisogeza pembeni.

"Inaweza kuwa TB ya tumbo," alisema. "Hapa tunaiona sana. Inaweza kuwa ini limeharibiwa na kichocho. Au inaweza kuwa zile chembe zetu. Ikiwa ni TB, tutamtibu hapa hapa na atapona. Barabara imefungwa, hatuna pa kupeleka maji haya. Utaangalia wewe. Angalia mpaka uchoke, halafu uangalie tena."

Nilitia maji yale kwenye kichupa, nikazungusha ile mashine kwa mkono mpaka bega likauma. Kilichotuama chini ya kichupa nilikipaka kwenye vioo vitano, nikavianika, nikavitia rangi. Cha kwanza hakikuwa na kitu ila chembe za kawaida na chembe nyeupe za damu. Cha pili vilevile. Cha tatu nilikipitia mstari kwa mstari, kama mtu anayelima tuta asiruke hata hatua, na nilipofika mwisho nilianza kuimba kimoyomoyo.

Zilikuwa kwenye kioo cha nne, karibu na ukingo. Zilikuwa tatu. Zilikuwa zimeshikana, mbili kubwa na moja ndogo kidogo, viini vyeusi vimejaa, na kuzizunguka palikuwa peupe, hapana kitu. Nilitoa jicho. Nje, paa la nyumba ya mtu lilikuwa likipita taratibu na mkondo, zima, na kuku wawili wamekaa juu yake kama wasafiri. Nililitazama mpaka likapotea kwenye miti. Niliporudisha jicho, bado zilikuwa pale, zinatikisika na mwanga.

Siwezi kusema nilifikiri. Nilikuwa najisikia kama mtu anayetembea usingizini, mikono inafanya, mwenyewe hayupo. Nilichukua fomu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Hakuna chembe zisizo za kawaida zilizoonekana.* Kile kioo cha nne nikakifunga kwenye karatasi, nikakitia ndani ya droo.

Daktari aliisoma fomu akiwa amesimama mlangoni. Nilitaraji aniulize kitu. Hakuuliza. Uso wake ulikunjuka wote, akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Mungu mwema," alisema. "Na ini nimelipima, si kichocho. Basi ni TB, tupambane nayo." Furaha ile ndiyo iliyonitesa kuliko mengine, kwa sababu ilikuwa furaha ya mtu anayeniamini.

Sikuwa nimefikiria jibu langu lingefanya nini. Matibabu ya TB wakati ule yalimtaka mgonjwa alazwe miezi miwili ya kwanza, achomwe sindano kila asubuhi, ameze vidonge vingi kwa mkupuo. Yule binti yake alikataa. Alisema watu wao wanaondoka, wanasogeza mifugo mbali zaidi kwa sababu maji bado yanapanda, na mama hawezi kuachwa nyuma. Daktari alimweleza kwa upole kwamba akitoka atakufa, akikaa atapona. Binti akamgeukia mama yake, wakasemezana kwa Kiorma muda mrefu. Mwishoni mama aliinua kidole akanionyesha mimi.

"Huyu ameangalia?"

"Ameangalia," daktari akasema.

"Basi nakaa."

Kwa hiyo alikaa. Kila asubuhi nilipopita wodini kukusanya damu nilimkuta ameshachomwa, amelala ubavu. Vidonge alivimeza kimoja kimoja na nusu saa baadaye alivitapika vyote, na nesi akamletea vingine. Masikio yalianza kumlia. Alisema kuna nyuki ndani. Tumbo likajaa tena. Nilimwona akipungua siku hadi siku kwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na nilipita na trei yangu ya vichupa, nikamsalimu, naye akaniuliza swali lile lile.

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya tano, mama." "Ya sita." "Ya nane."

Mchana alifumba macho akataja ng'ombe wake. Kila mmoja alikuwa na jina la rangi yake na pembe zake, na binti yake alinitafsiria kwa sauti ya chini: huyu ana doa begani, huyu ni mzee lakini bado anatoa maziwa, huyu ana hasira. Wodi nzima ilinyamaza kumsikiliza, hata wanawake wa kwetu wasiojua neno la Kiorma. Maji yalikuwa yanametameta kwenye kuta zote nne, na ng'ombe wale walipita mmoja baada ya mwingine katikati ya vitanda. Nadhani sote tuliwaona.

Siku ya kumi na moja alikuwa macho nilipoingia.

"Watu wangu wamekwenda," alisema. "Jana mtumbwi ulileta habari. Ng'ombe mwekundu atazaa mwezi huu. Mimi nitakuwa hapa, nakunywa dawa."

Hakulalamika. Alikuwa ananieleza tu, kama anavyoelezwa mtu wa nyumbani. Nilisema "Pole, mama," nikatoka. Nilifika maabara nikafungua droo.

Daktari alikuwa kwenye baraza akinawa mikono. Nilisimama mbele yake, nikamnyoshea kile kioo kwenye karatasi. Akakausha mikono, akakichukua, akaenda nacho kwenye hadubini, akarekebisha kioo cha mwanga. Aliinama muda mrefu sana. Nilisikia maji yakigonga ukuta wa nje.

"Ni cha nani?" aliuliza, ijapokuwa alijua.

"Cha mama wa maziwa."

"Uliziona lini?"

"Siku ile ile."

Hakunipigia kelele. Sauti yake ilizidi kuwa ndogo. "Kwa nini?"

"Nilitaka asiwe nazo, daktari."

Aliketi kwenye stuli yake. Alivua miwani, akaishika mapajani. Kisha alisema, "Mimi pia nilitaka asiwe nazo. Ndiyo maana sikukiomba kioo nikiangalie mwenyewe. Hilo ni kosa langu, nitalibeba. Hili lingine ni lako. Twende ukamwambie wewe."

Tulikwenda. Mama alikuwa amekalishwa, ameegemea mto, binti yake anamsuka. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaanza. Nilisema kwamba nilikuwa nimeona chembe za ugonjwa wake wa zamani ndani ya maji, kwamba niliziona tangu siku ya kwanza, na kwamba niliandika sikuziona. Binti alikuwa akitafsiri neno kwa neno, na alipofika hapo mikono yake ilikwama kwenye nywele. Alinitazama. Kisha akamalizia.

Mama alitoa mkono ndani ya shuka akahesabu kwa vidole, akaurudia mkono, akaongeza kidole kimoja.

"Siku zangu kumi na moja," alisema. "Umekula."

Akageukia ukuta.

Sindano zilisimamishwa siku hiyo hiyo, na vidonge pia. Daktari aliketi na binti akamwambia yote bila kuficha: kupasua tena hakutasaidia, kwa sababu chembe zimetawanyika na mkono hauwezi kuzikusanya, tunachoweza ni kumpunguzia maji apumue, na kumpa dawa ya maumivu. Mimi nilirudi kwenye malaria yangu. Siku mbili nilipita wodini, nikasalimu, nikaitikiwa na kila mtu ila yeye.

Siku ya tatu nilisikia kandambili zikiburuzwa barazani. Alikuwa mlangoni, ameshikwa na binti yake, anahema.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini, mama?"

"Hiyo kitu uliona. Nionyeshe mimi."

Nilimwekea stuli. Nilitoa kioo cha nne, nikazitafuta zile tatu, nikaziweka katikati kabisa. Hakujua kufumba jicho moja. Kila alipojaribu yalifumba yote mawili, mpaka binti yake akamziba la kushoto kwa kiganja. Kwanza aliona kope zake mwenyewe akadhani ndio ugonjwa. Kisha akaona mawingu.

"Ngoja yatulie," nilimwambia. "Angalia katikati."

Aliacha kupumua. Mgongo wake ulikuwa mwembamba chini ya shuka, nikaona unakakamaa.

"Tatu," alisema.

"Ndiyo, mama. Tatu."

"Ndogo hivi?"

"Ndogo kuliko hivyo. Hapa tumezikuza."

"Hai?"

"Hizo za kwenye kioo zimekufa. Zilizo ndani ni hai."

"Ndani ziko ngapi?"

"Sijui, mama. Hakuna anayejua."

Aliendelea kutazama. Mwanga wa mto ulikuwa ukimcheza shavuni. Niliwaza kwamba nimchukue sasa, nimrudishe kitandani, amechoka, lakini alionekana hayupo pale, kama mtu anayetazama mbali sana nyikani. Kisha aliuliza, bila kutoa jicho:

"Ng'ombe akipotea, anatafuta nyasi. Hii inatafuta nini?"

"Inatafuta mahali pa kukaa."

"Na mahali ni mimi."

"Ndiyo, mama."

Alitoa jicho akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala msamaha. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari kamili na sasa anapanga safari. "Kesho naenda kwa ng'ombe," alisema.

Mtumbwi uliwachukua asubuhi. Niliwasindikiza mpaka majini nikimbebea blanketi na kifurushi cha dawa. Nilipoinama kumsaidia kupanda, nilingoja mkono wake kichwani. Hakuuweka. Aliushika ubao wa mtumbwi, akaketi, wakasukuma. Nilibaki nimesimama na maji magotini mpaka sikuweza tena kutofautisha mtumbwi na kivuli cha mti.

Wiki tatu baadaye daktari alipata boti ya injini ya watu waliokuwa wakigawa chakula, akaniambia nijiandae. Tulikwenda karibu nusu siku, tukipita juu ya mashamba niliyoyajua. Mahali fulani nilitambua kilele cha mwembe wa jirani yetu na nikajua tuko juu ya uwanja nilikochezea. Kisha ardhi ikainuka, tukatembea. Kambi yao ilikuwa ya nyumba za duara za mikeka na nyasi, na mama alikuwa nje, amelazwa juu ya ngozi, mahali anapoweza kuwaona ng'ombe wakitoka na kurudi.

Daktari alimchoma sindano ya kutoa maji, mimi nikashika beseni. Yalitoka mengi. Alipoanza kupumua vizuri aliligeukia beseni.

"Utaangalia hii?"

"Sitaangalia, mama. Hakuna haja. Tunajua yaliyomo."

Alitikisa kichwa kukubali. "Sawa," alisema. "Hivyo hivyo. Unasema ilivyo."

Alimwita binti yake, wakasema kitu, na binti akanichukua mpaka kwenye zizi la miiba akanionyesha ndama. Alikuwa wa siku nne, mwekundu kama mama yake, miguu bado haijaamini. Mama wa maziwa alikuwa ameshuhudia akizaliwa. Walimbeba juu ya ngozi ile ile mpaka zizini, akakaa hapo tangu alfajiri. Niliporudi alinionyesha kwa kidole niketi. Niliketi. Daktari alikuwa akiona wagonjwa wengine wa kambi, kwa hiyo alasiri nzima nilikaa pale kwenye moshi wa samadi, mimi nasinzia, yeye anasinzia, na kila nilipofumbua macho ng'ombe walikuwa wamesogea kidogo. Wakati fulani nilihisi kitu kwenye kisigino changu. Ulikuwa mkono wake, umeanguka hapo usingizini au umewekwa, mpaka leo sijui. Sikuusogeza mguu.

Maji yalipungua polepole, wiki kwa wiki, yakaacha tope na harufu ya samaki, halafu yakaacha majani. Sijawahi kuona majani kama ya mwaka ule. Tambarare yote kutoka Minjila kuteremka ilikuwa kijani kibichi, na mifugo ikaanza kurudi. Sisi pia tulirudi. Mama yangu alipanda mpunga pale palipokuwa jikoni kwake.

Nilikutana na binti wa mama wa maziwa sokoni Garsen, siku barabara ilipofunguliwa. Alikuwa amejitanda kitambaa cheusi. Tulishikana mikono muda mrefu kabla sijathubutu.

"Mama?"

"Ametangulia. Leo ni siku ya arobaini na mbili." Alisimulia kwamba walipoanza kushuka na ng'ombe walimfunga machela kati ya punda wawili, kwa sababu alikataa kubaki. Walipofika mahali ambapo mtu anaanza kuuona mstari wa miti ya mto, aliomba watue. Aliomba maji. Alikunywa kidogo, na hilo ndilo lililokuwa la mwisho. Ilikuwa asubuhi. Walimzika hapo hapo, na ng'ombe wakaendelea mbele.

Nilimwambia pole. Kisha nikamuuliza kile nilichokuwa nimekibeba miezi yote ile, kama mama yake aliwahi kunitaja.

Alifikiri. Hakutaka kunidanganya, niliona hivyo. "Siku za kwanza alikutaja vibaya," alisema. "Alisema umemwibia. Baadaye akaacha. Lakini kila mgeni aliyekuja kumwona alimsimulia ile mashine yako. Alisema, watu wote wanakufa na ugonjwa wasioujua sura, ila mimi wangu nimeuona. Ziko tatu, zimesimama pamoja kwenye weupe. Watu walimwambia anaota kwa sababu ya dawa. Akasema muulizeni binti yangu, kiganja chake ndicho kilichonifunga jicho."

Alitazama kiganja chake, akakifuta kwenye nguo. Halafu akaniuliza kama mama yangu bado anataka maziwa, kwa sababu yule ng'ombe mwekundu anakamuliwa sasa na yeye hupita Idsowe kila siku ya pili.

Nilimwambia anayataka, na nikamwelekeza nyumba mpya ilipo, kwa kuwa ile ya zamani ilikwenda na mto.